Kuvuka Balangida Katikati ya Ng'ombe

Mwaka Manyara ilipokatwa kutoka Arusha na kuwa mkoa, watu wa Nambis walitaniana kwamba wamelala Arusha wakaamkia Manyara bila kufungasha hata sufuria. Philomena alicheka kuliko wote. "Afadhali mkoa unihame," alisema, "maana mimi mwenyewe kuhama siwezi." Wakacheka tena. Hakuna aliyejua kwamba mjane huyu, mwenye shamba lake la mahindi na maharage na mdomo wa kumjibu hata diwani, hapo alikuwa amesema ukweli mtupu.

Nambis, huko Mbulu kwa Wairaqw, ni nchi ya mikunjo. Ukitoka mlangoni unakutana na kilima, ukikizunguka unakutana na kingine. Nyumba ya Philomena ilikuwa ya mtindo wa wazee, imechimbiwa kwenye mteremko. Mgongo wake ni kilima chenyewe, mlango wake unatazama bonde dogo, na ng'ombe hulala humo humo na wenye nyumba. Watoto wake walimsihi ajenge ya bati kama wenzake, kwa kuwa siku hizo bati lilikuwa linauzwa kila duka Mbulu mjini. Alikataa. Ndani ya nyumba ile alijua juu ni wapi na chini ni wapi, na kwake hilo halikuwa jambo dogo.

Maana Philomena alikuwa na hofu, na hofu yenyewe haikuwa na sura.

Hofu si kitu kigeni Nambis, na msije mkadhani hao ni watu wa ajabu. Tadeo katekista, mwanamume wa kifua kipana ambaye sauti yake inasikika hadi ng'ambo ya kijito, hawezi kukaa chumba kimoja na kuku. Wala si kwamba anaogopa kudonolewa. Ni manyoya. Akiona unyoya mmoja tu sakafuni, jasho linamtoka. Herman alipigana vita vya Uganda akarudi na nishani, lakini akikutana na kinyonga njiani anageuza, na siku hiyo shamba halilimwi. Halafu kuna Rogathe, na huyo ndiye kiboko yao. Amefuga nyuki miaka yote lakini hawezi kutazama sega. Vile vitundu vilivyopangana vinamsisimua mwili mpaka anataka kutapika, kwa hiyo anarina kwa kupapasa, uso ameugeuzia kando kama mtu anayechomwa sindano. Watu wanacheka, kisha wanasaidia. Katekista akionekana anapandisha njia, mwenye kuku anawafungia bila kuambiwa.

Lakini kuku unaweza kumfungia. Hofu ya Philomena ungeifungia wapi? Yeye aliogopa uwazi. Aliogopa mahali ambapo ardhi imelala tambarare, hakuna cha kuegemea, na mbingu imeshuka mpaka chini pande zote. Wala hakuogopa kuanguka chini kama wanaoogopa ukingo wa genge. Aliogopa kudondoka kwenda juu. Mwambie mtu neno hilo kijijini, uone kama hatakuuliza umekunywa nini asubuhi yote hii.

Ilimpata mara ya kwanza akiwa msichana, siku mama yake alipomchukua pamoja na wanawake wengine kwenda ziwa Balangida kukwangua chumvi. Walipita Tumati, wakateremka ukuta wa Bonde la Ufa katikati ya vichaka, na vichaka vilipokoma, dunia ikafunguka. Ziwa lilikuwa jeupe kwa chumvi mpaka jicho linachoka. Ng'ambo yake mlima Hanang ulisimama peke yake, hauna ndugu. Kati ya hapo na pale hapakuwa na kitu, na juu ya hapo pasipo na kitu palikuwa na mbingu kubwa kuliko ile aliyohubiriwa kanisani. Wenzake walisema, jamani, pazuri. Philomena alilala kifudifudi akashika majani kwa mikono yote miwili. Mama yake alimzaba vibao akidhani ni uvivu, kisha akamwacha kichakani mpaka waliporudi na chumvi yao.

Hakumwambia mtu. Alijipangia maisha. Kanisani alikaa kando ya nguzo, njiani alipita upande wa kilima, na akaolewa hapo hapo Nambis. Aliyedhani ni kwa mapenzi matupu alikosea kidogo.

Sasa katika wanaume wote wa dunia, Violeth, kitinda mimba wake, akampenda Gidahosh. Violeth alikuwa anauza mitumba minadani, na huko ndiko alikokutana na kijana huyu wa Kibarbaig, mrefu, mpole, asiyejua kupandisha sauti hata kwa ng'ombe. Boma lao lilikuwa chini ya mlima Hanang, ng'ambo ya uwanda wa Balangida. Wapo waliosema mengi kuhusu Wairaqw na Wabarbaig na mambo ya zamani ya kunyang'anyana ng'ombe. Kijana alipokuja kujitambulisha, Philomena alimuuliza jambo moja tu.

"Huko kwenu kuna vilima?"

"Hakuna, mama," Gidahosh alijibu kwa fahari. "Kwetu ng'ombe wako anatembea siku nzima na bado unamwona."

Maskini, alidhani amesifia.

Siku ya posa alikuja na mama yake. Mama Gidahosh alikuwa mwanamke mkavu, mwenye bangili za shaba mkononi na alama za duara kuzunguka macho, kama walivyo wanawake wengi wa kwao. Philomena alikuwa amesiriba ukuta upya, amepika, ametandika ngozi nzuri ndani. Mama Gidahosh alifika mlangoni, akainama aingie, akatulia hapo kidogo, kisha akatoka kinyumenyume. Akaenda kukaa uani walipofungwa ndama. Wakamwita, akatikisa kichwa. Ukungu ukashuka, na manyunyu yakafuata, naye akajifunika shuka yake kichwani akala chakula chake palepale. Nambis nzima iliona. Jioni hakukuwa na habari nyingine visimani ila ya Mbarbaig aliyekataa kukanyaga nyumba ya Philomena.

"Nyumba yangu inanuka?" Philomena alimuuliza binti yake.

"Mama, achana nayo. Ni mgeni tu."

Aliiacha, lakini ilimkaa moyoni.

Kisha ikafika siku ya kumsindikiza bibi arusi. Kwao mama ndiye anayempaka binti yake siagi kichwani mlangoni kwa mumewe, ili anakoingia akae kwa amani. Philomena alitia siagi kwenye kibuyu kidogo, akaandamana na msafara. Alijiambia kwamba ule ulikuwa utoto, na kwamba sasa ni mtu mzima aliyezaa na kuzika. Waliteremka kutoka Tumati wakiimba. Vichaka vilipokoma, naye akakoma hapo hapo. Mbele yake kila kitu kiliinuka taratibu kama mkeka unaokung'utwa. Philomena aligeuka na kupanda mlima mbio, akiwapita watu, mtandio umemdondoka, kibuyu kifuani. Alijificha kwa mdogo wake Hilda, aliyeolewa Tumati, akaagiza waseme ameshikwa na malaria.

Malaria gani hiyo inayokimbia mlima? Violeth alimwona mama yake akikimbia. Aliingia kwa mumewe na kichwa kikavu, bila siagi, akajua moyoni kwamba mama amelipiza. Mkwe alikataa mlango wa Nambis, na mama amekataa mlango wa Hanang. Yeye ndiye aliyebaki katikati.

Masika yalikuja yakapita, Violeth hakupanda kwao. Habari zilikuja kwa mdomo wa Gervasi, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyezunguka minada yote. Siku moja alipita kwa Philomena, akakataa kigoda, akabaki amesimama.

"Violeth amejifungua. Mtoto wa kike, wote wazima."

Philomena alipiga kigelegele kimoja, kisha akamtazama vizuri. "Mbona hukai?"

"Kuna neno amenipa. Mama, si langu." Gervasi alijikuna shingo. "Amesema mwezi mpya ukionekana mtoto atatolewa nje. Amesema kwenu bibi mzaa mama ndiye anayembeba mtoto mara ya kwanza akaone mbingu. Kama siku hiyo hujafika, basi atajua hana mama, na mtoto hatapanda huku."

Gervasi aliondoka. Philomena alibaki amekaa na ganda la maharage mkononi, hajui kama anamenya au anafanya nini. Mbingu! Katika kazi zote za bibi, ameachiwa kumwonyesha mtoto mbingu.

Wiki hiyo Kelvin, mtoto wa kaka yake anayesoma Arusha, alikuwa likizo. Philomena alimwita pembeni akamuuliza kwa sauti ya chini, kama anauliza habari za mtu mwingine, eti kuna watu wanaoogopa mahali peupe.

"Wapo, shangazi," Kelvin alisema. "Hata Ulaya wapo. Ile hofu ina jina lake kabisa."

Alilitaja jina lenyewe, refu na gumu, na Philomena hakulishika. Hakulihitaji. Kilichomshangaza ni kwamba lipo. Watu hawakipi jina kitu kilichompata mmoja tu. Alilala na wazo hilo, na asubuhi akatia siagi kwenye kibuyu kilekile.

Hilda alimpokea Tumati kwa furaha na mashaka. Yeye siku zote aliamini dada yake anawaogopa Wabarbaig. Alituma neno kwa wanawake wa chumvi wanaoteremka kila siku, kwamba Mama Violeth anakuja, na jibu likarudi jioni. Ng'ombe wa kina Gidahosh hawanywi maji ya ziwa kwa chumvi yake. Huletwa mpaka kwenye chemchemi iliyo chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, wananywa, kisha wanarudi kwao mchana. Mama Gidahosh mwenyewe atakuwa hapo kesho kumpokea mgeni.

"Unaona?" alisema Hilda. "Wamekutumia mtu mzima. Hakuna ubaya."

Philomena aliwaza uso wa mwanamke yule akitoka kinyumenyume mlangoni kwake, akaona aibu mapema.

Kesho yake waliteremka. Vichakani alikwenda vizuri, hata akachuma majani akatafuna. Chemchemi ilikuwa palepale vichaka vinapokomea, na ng'ombe walikuwa wamejaa wakinywa. Philomena aliinua macho mara moja tu kupita juu ya migongo yao, na ikatosha. Uwanda ulikuwa pale pale utoto wake ulipouacha. Haukuwa umepungua hata kidogo. Ziwa jeupe, mlima usio na ndugu, na ile mbingu. Alienda chini kifudifudi akashika majani.

"Funga macho," alisema Hilda, akihangaika. "Dada, funga macho tu nikushike mkono."

"Nikifunga nakosa hata majani," alisema Philomena mdomo ukiwa udongoni.

Miguu ilikuja ikasimama karibu na kichwa chake, yenye vumbi, na juu yake ncha ya joho la ngozi. Hata katika hali ile heshima ni heshima, na yule alikuwa mkubwa kwake.

"Shikamoo, Mama Gidahosh," alisema akiwa amelala.

"Marahaba, Mama Violeth."

Mama Gidahosh hakumuuliza anaumwa nini. Alichuchumaa akaitazama mikono iliyong'ang'ania majani. Akaitazama sana. Kiswahili kilikuwa lugha ya kuazima kwao wote wawili, na alikitumia polepole.

"Unaogopa nini?"

Philomena angeweza kusema malaria. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alifikiria lile jina gumu la Kelvin, akafikiria mtoto aliyeko ng'ambo, akachoka kusema uongo.

"Naogopa kudondoka."

"Chini?"

"Juu."

Hilda alijiziba mdomo kwa kiganja. Mama Gidahosh hakucheka. Aliinua uso akaitazama mbingu, kama mfugaji anavyotazama mvua, kutoka ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Hanang, na akakawia huko. Alipouteremsha uso, ulikuwa umebadilika kidogo.

"Kweli," alisema. "Hakuna kitu kinashika."

Maisha yake yote Philomena alikuwa amejitayarisha kuchekwa. Hakuwahi kujitayarisha kukubaliwa, na machozi yakaanza kumtoka yakiingia kwenye udongo.

"Mimi nyumba yako ilinifanya hivyo," Mama Gidahosh aliendelea. "Siku ile. Niliinama, nikaona kilima kiko nyuma, kiko juu, kinataka kunikalia. Pumzi ilikwisha. Nilitoka. Mliniita, mlinipa chakula kizuri, mimi nikakaa na ndama kwenye mvua. Niliona haya. Nilifika nyumbani sikusema."

"Sisi tulisema umedharau."

"Na sisi tulisema wewe umedharau." Alitoa sauti fupi puani, ambayo kwa mtu mwingine ingekuwa kicheko. "Mtoto wetu Violeth alisema hivyo. Mimi nikanyamaza."

Wanawake wawili wazima, mmoja kichwa udongoni na mwingine amechuchumaa, walitazamana. Kwa ajili ya aibu zao binti mmoja alikaa na kichwa kikavu muda wote huo. Philomena alijikasirikia, akamkasirikia na mwenzake, kisha hasira ikakosa mahali pa kukaa.

Mama Gidahosh alisimama. Alipiga mluzi mara moja, na ng'ombe waliokuwa wameshiba maji wakaanza kusogea. Aliwazungusha kwa fimbo na kwa sauti ndogo za kooni, mmoja huku, mwingine kule, mpaka Philomena akajikuta amezungukwa na miguu na matumbo na pumzi za moto.

"Simama," alisema. "Usitazame mbali. Tazama ng'ombe."

Philomena alisimama akiwa amepinda. Migongo ilikuwa pande zote, imepishana, mmoja juu mmoja chini, na nundu juu yake. Alishangaa. Ilikuwa Nambis. Ilikuwa vilima vilevile, ila hivi vilikuwa na joto na vilinuka maziwa. Mbele yake kabisa alikuwapo ng'ombe mweupe mwenye masikio meusi, na masikio yale aliyajua. Ndama wake, mwenye masikio hayo hayo, alikuja Nambis kwenye mahari, na sasa ni mtamba anayelala ndani kwa Philomena, karibu na kitanda. Alinyoosha mkono akamshika mkia. Ng'ombe alipiga kope, akaanza kutembea.

Hivyo ndivyo Philomena alivyoingia uwandani. Hilda alibaki kichakani, na alivyosimulia baadaye, hakumwona dada yake tena. Aliona kundi la ng'ombe likienda na katikati yake mtandio mwekundu ukizama na kuibuka.

Ndani ya kundi kulikuwa na kelele za kengele, kwato, na matumbo yanayonguruma. Vumbi lilimpanda mpaka nyusi. Alitembea akitazama mfupa wa mgongo wa yule ng'ombe mweupe, akimwomba Mungu kwa Kiiraqw na kumsemesha ng'ombe kwa lugha hiyo hiyo, mpaka hakujua tena sala ipi ni ya nani. Mama Gidahosh alikuwa anazunguka kundi huku akiimba polepole. Kila ng'ombe aliyetaka kutawanyika alirudishwa. Wabarbaig huwaacha ng'ombe watandazike wakitembea, wapate kula. Siku ile aliwabana kama wanapita mlangoni, na ng'ombe wakavumilia wasichokizoea.

Katikati ya uwanda palikuwa na tope la chumvi, na hapo kundi likagawanyika lenyewe kulizunguka. Migongo ikaachana. Ghafla hapakuwa na kilima upande wa kushoto, na Philomena akaona.

Aliona ziwa limelala jeupe bila mkunjo, na juu yake ndege heroe wengi wakiruka pamoja, wakageuka, na ukingo wote wa mbingu ukawa wa rangi ya waridi, kisha wakageuka tena ukawa mweupe. Aliona kivuli cha wingu moja kikitembea ardhini taratibu, kikubwa kuliko Nambis yote, na hakikugusa kitu. Aliona Hanang kutoka mizizi mpaka kilele kwa mara moja, kama mtu unavyomwona mtu. Hofu ilimjaa mpaka ukucha wa mwisho. Lakini ndani ya hofu hiyo hiyo palikuwa na kitu kingine kilichomfungua mdomo, na hakuwa na neno lake katika lugha zake zote. Yule aliyeumba hapa, aliwaza, hakuwa anatufikiria sisi hata kidogo. Na wazo hilo, badala ya kumuumiza, lilimtia kicho ambacho hakuwahi kukisikia kanisani, kando ya nguzo yake.

Mluzi ulilia. Ng'ombe wakafunga. Philomena aligundua kwamba ameushika mkia kwa mikono miwili, na ng'ombe mwenye masikio meusi alikuwa amesimama akimsubiri.

Walifika bomani jua likiwa bado lina nguvu. Mama Gidahosh aliwaingiza ng'ombe zizini pamoja na Philomena, kisha akamtoa kwa mkono, hatua chache, mpaka kwenye nyumba ya Violeth. Mlango ulikuwa mfupi na ndani kulikuwa na giza la moshi. Philomena aliingia kwa shukrani, akagusa ukuta kwa kiganja.

Violeth alikuwa amekaa kwenye ngozi, mtoto kifuani. Hakuinuka.

"Shikamoo, mama," alisema, kwa sababu alilelewa vizuri.

"Marahaba, mwanangu."

"Leo malaria imekuachia?"

Philomena alikaa chini. Vumbi lilikuwa limemganda usoni, na kwenye ngumi yake bado mlikuwa na nywele za mkia wa ng'ombe. "Sikuwa na malaria," alisema. "Wala sikukudharau, wala mume wako, wala mama yake. Naogopa uwazi, Violeth. Niliogopa tangu utotoni. Siku ile nilikimbia kwa sababu niliona nadondoka."

"Uwazi," Violeth alirudia, kwa sauti ya mtu anayeonjeshwa kitu asichokiamini. "Upi?"

"Huo hapo nje."

Violeth alitazama zile nywele za mkia ngumini mwa mama yake. Taratibu mambo yakaanza kumrudia. Nguzo ya kanisani. Mama anayepita upande wa kilima na kumsukuma mtoto upande wa bonde. Swali lile la ajabu kwa mchumba, kama kwao kuna vilima. Mama aliyeishi miaka yote hiyo kama mtu anayepita ukutani, na yeye, mtoto wake wa mwisho, hakuwahi kuuliza kwa nini.

"Na leo umevukaje?"

"Na ng'ombe," Mama Gidahosh alisema kutoka mlangoni. "Katikati. Kama ndama."

Hapo Violeth akalia huku akicheka, na mtoto akaamka akaungana naye. Philomena alifungua kibuyu. Alimpaka binti yake siagi kichwani, nyingi kupita kiasi, mpaka ikamtiririkia shingoni, kwa kuwa ilikuwa imechelewa na alitaka iwe na riba. Kisha akampaka mtoto kidogo, utosini, panapopumua.

Mwezi mpya ulionekana kabla hajachoka kumkumbatia. Asubuhi yake wanawake wa boma walikusanyika nje, Violeth akamweka mtoto mikononi mwa mama yake, na wote wakasogea kumpisha. Mlango ulikuwa mbele yake na ndani ya mlango ule, mbingu yote.

Philomena hakusogea. Alijua kwamba akidondoka leo anadondoka na mtoto.

"Nitamtoa mimi, mama," Violeth alisema taratibu. "Umefika. Inatosha."

"Haitoshi," alisema Philomena.

Mama Gidahosh alitoka kwanza. Alitembea hatua chache kutoka mlangoni, mahali peupe kabisa, akakaa chini kwenye vumbi, mgongo ameuelekeza kwenye nyumba, uso kwa Hanang. Akapiga vumbi la nyuma yake kwa kiganja, kama mtu anayemwonyesha mgeni kiti. Philomena alielewa. Alitoka akitazama uso wa mtoto tu. Alipofika alimpa Mama Gidahosh mgongo, akakaa, akaegemea. Mgongo ule ulikuwa mwembamba na mgumu, unapumua. Ulikuwa wa kutosha.

Kisha akafunua shuka.

Mtoto alifinya macho, akayafungua. Macho meusi yaliyopanuka yalitazama juu, kule kusikoshika kitu, bila kupepesa, bila haraka. Philomena aliona mbingu ndani ya macho yale, ndogo, imekaa vizuri. Akainua uso wake mwenyewe. Uwanda ulikuwa wote pale. Ziwa, ukuta wa Bonde la Ufa alikotoka, na ile buluu isiyo na mwisho juu yake. Mwili ulitetemeka wote, na Mama Gidahosh aliusikia mtetemeko ule mgongoni mwake.

"Ni kubwa," Philomena alinong'ona.

"Ndiyo," alisema Mama Gidahosh. "Sisi tumezoea, hatuoni. Wewe unaona."

Mtoto alipiga chafya. Wanawake wakapiga vigelegele, na Violeth alisimama mlangoni, siagi iking'aa kwenye nywele, mikono mdomoni.

"Usiondoke," alisema Philomena.

"Niende wapi," alijibu Mama Gidahosh, "na wewe umeniegemea?"